Bibi Milada Horáková wa Praha

Katika mji wa Praha limo gereza liitwalo Pankrác. Bibi Milada Horáková alifungwa humo mara mbili: kwanza na Manazi, halafu na Wakomunisti wa nchi yake mwenyewe.

Alizaliwa mjini humo siku ya Noeli ya mwaka 1901, wakati Wacheki walipokuwa bado chini ya Kaisari wa Austria. Mwaka 1918 alifukuzwa shuleni kwa kuandamana kupinga vita. Msichana yule hakuvunjika moyo, na mwaka 1926 akapata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Charles. Mwaka uliofuata aliolewa na Bohuslav Horák, akaingia kazi katika idara ya ustawi wa jamii ya mji, ambako maskini na wajane walifika kila siku na shida zao. Nje ya kazi alishirikiana na Bibi Františka Plamínková kudai sheria za haki kwa wanawake. Mlezi wake huyo aliuawa na Manazi mwaka 1942.

Milada naye alikuwa amekwisha kukamatwa tangu 1940, kwa kuwa alisaidia upinzani wa siri. Alipitishwa Pankrác na Terezín, na mwaka 1944 mahakama ya Dresden ikamhukumu kifungo cha miaka 8. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alirudi nyumbani, akawa mjumbe wa Bunge.

Februari 1948 Wakomunisti walitwaa serikali yote. Mwezi uliofuata Bibi Horáková akajiuzulu ubunge. Rafiki zake wengi walikimbilia nchi za nje, lakini yeye alibaki, akaendelea kukutana na wenzake wa siasa na kupelekeana habari na waliohama. Hilo lilitosha. Alikamatwa tarehe 27 Septemba 1949. Siku ile mume wake aliponyoka, na baadaye akavuka mpaka kuingia Ujerumani Magharibi. Binti yao Jana, aliyezaliwa mwaka 1933, akabaki kwa mama yake mdogo.

Kesi ilianza tarehe 31 Mei 1950, washtakiwa wakiwa 13, nayo ilitangazwa kwa redio. Walishtakiwa uhaini na upelelezi, wakalazimishwa kukariri majibu yao kabla ya kuingia mahakamani. Bibi Horáková aliyaacha maneno yale mara kwa mara, akayatetea aliyoyaamini. Lakini kwa maoni yetu, ubaya mkubwa zaidi ulikuwa nje ya mahakama. Viwandani, maofisini, hata mashuleni, watu walikusanywa ili watie sahihi barua za kudai wasaliti wauawe, na barua hizo zilifika kwa maelfu. Hivyo serikali iliwafanya raia wa kawaida, ambao wengi wao hawakumjua mama yule, washiriki damu yake.

Wanne walihukumiwa kufa: yeye, Jan Buchal, Oldřich Pecl na Záviš Kalandra. Bwana Einstein, Bwana Churchill na Bibi Eleanor Roosevelt waliomba asamehewe. Rais Klement Gottwald akakataa. Akanyongwa Pankrác alfajiri ya tarehe 27 Juni 1950. Mwili ulichomwa, wala jamaa hawakupewa majivu. Kaburi lenye jina lake huko Vyšehrad ni la ukumbusho tu.

Hukumu ilifutwa mwaka 1968, lakini mwaka ule ule majeshi ya Urusi yakaivamia nchi, na heshima yake ikangoja hadi utawala ule ulipoanguka. Mwaka huo huo wa 1968 Jana aliruhusiwa kwenda Marekani kwa baba yake.

Katika siku zake za mwisho Bibi Horáková alikuwa amewaandikia jamaa zake barua za kuwaaga. Serikali ilizizuia miaka 40. Zilipotolewa mwaka 1990, mume wake alikuwa amekwisha kufa. Jana, aliyeandikiwa akiwa msichana wa shule, aliipokea yake akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya hamsini.