Pierre Fauchard na Siri ya Mzizi wa Jino

Katika jiji la Paris mwanzoni mwa karne ya 18, mtu aliyeumwa na jino alikuwa na njia chache za kutafuta nafuu. Angeweza kwenda kwa kinyozi, au angeelekea Pont Neuf, daraja kongwe juu ya mto Seine, ambako pandikizi la mtu aliyejulikana kama Grand Thomas alisimama juu ya mkokoteni na kung'oa meno hadharani huku umati ukishangilia. Ni kweli kwamba amri ya mfalme Louis wa 14 iliyotolewa mwaka 1699 ilikuwa imewatambua wajuzi wa meno kuwa kundi la pekee lililopaswa kutahiniwa kabla ya kufanya kazi. Hata hivyo, amri ni jambo moja na taaluma ni jambo jingine. Hapakuwa na kitabu kamili ambacho mwanagenzi angekisoma akaijua kazi hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kitabu hicho kilikuja kuandikwa na Pierre Fauchard. Alizaliwa magharibi mwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1670. Mnamo 1693, angali kijana wa miaka 14 au 15, alijiunga na jeshi la wanamaji, akawa mwanafunzi wa Alexandre Poteleret, mpasuaji aliyekuwa ameyachunguza kwa kina maradhi ya kinywa. Mabaharia waliokaa miezi mingi bila matunda wala mboga walishikwa na kiseyeye: fizi zikavimba na kuvuja damu, meno yakalegea na kudondoka. Vinywa vya mabaharia hao ndivyo vilivyokuwa darasa lake la kwanza. Baada ya takriban miaka 3 aliiacha bahari akatua katika mji wa Angers, na kutoka hapo akawa akitibu watu katika miji kadhaa ya eneo hilo kabla ya kuhamia Paris ilipokaribia 1719.

Ikumbukwe kuwa Fauchard hakuwa tabibu wa chuo kikuu. Alikuwa mpasuaji, na wapasuaji wa zama hizo walihesabiwa kuwa watu wa kazi za mikono, daraja moja chini ya matabibu waliosomeshwa kwa Kilatini. Huenda hali hiyo ndiyo iliyomfaa. Hakuona aibu kuazima vifaa vya watengeneza saa, masonara na vinyozi, akavirekebisha hadi vikaingia kinywani. Alimkalisha mgonjwa kwenye kiti chenye mikono, ilhali wengi wa wenzake walizoea kumkalisha chini sakafuni na kukibana kichwa chake katikati ya magoti yao. Aliyewahi kuumwa na jino ataelewa tofauti iliyopo baina ya mikao hiyo miwili.

Tatizo kubwa la kazi hiyo lilikuwa usiri. Fundi aliyevumbua mbinu aliifungia moyoni ili wateja wasimkimbie. Akifa, mbinu ilizikwa pamoja naye. Kufichua kila kitu kulimaanisha kuwapa washindani mkate wake mwenyewe, na Fauchard aliishi kwa mkate huo. Lakini mficha uchi hazai. Kufikia 1723 alikuwa amekamilisha mswada, akaukabidhi kwa matabibu na wapasuaji wenye sifa ili waukosoe. Miaka 5 ilipita kabla ya kitabu kutoka mwaka 1728 kwa jina Le Chirurgien dentiste, yaani Mpasuaji wa Meno, majuzuu mawili yenye zaidi ya kurasa 800 na michoro ya vifaa vilivyotumika. Kiliandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo kinyozi na mwanagenzi waliielewa. Kwa mwanafunzi wa lugha jambo hili si dogo: anwani ya kitabu iliipa kazi ile jina la heshima, na jina hilo likasaidia kuitenga na ulaghai wa darajani. Kufikia 1733 kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kijerumani.

Miongoni mwa mambo aliyoyapinga ni imani kwamba meno huozeshwa na minyoo. Imani hii ni kongwe mno, na athari zake zingali katika Kiswahili, kwani jino lililotoboka husemwa kuwa limeliwa na wadudu. Fauchard aliyachunguza meno yaliyooza kwa hadubini asione mnyoo hata mmoja. Badala yake aliwaonya watu dhidi ya sukari. Si kwamba kila alichokiandika kilikuwa sahihi. Alishauri, kwa mfano, wenye maumivu wasukutue kwa mkojo wao wenyewe, ushauri ambao wasomaji wake wa baadaye wameupitia kwa haraka na kwa haya.

Penye uzito zaidi katika kazi yake ni pale alipoanza kushughulika na mzizi. Jino likivunjika juu ya ufizi huku mzizi wake ukiwa imara, wengi walimalizia kwa kuung'oa mzizi. Fauchard aliuona kuwa msingi uliobaki baada ya nyumba kubomoka. Aliusafisha mfereji uliomo ndani yake, akaupanua, akatia kigingi cha dhahabu au fedha, na juu ya kigingi akasimamisha jino la bandia. Swali likawa: ni kitu gani kitakachokishika kigingi kile ndani ya mfupa ulio na unyevu daima na unaobanwa kila mtu anapotafuna? Alitengeneza gundi ya lakiri, tapentaini ya Venice na unga wa marijani nyeupe, akailainisha kwa moto. Alidai kuwa meno yaliyofungwa kwa vigingi na nyuzi za dhahabu yaliweza kudumu miaka 15 hadi 20, pengine zaidi. Hapa pia hakuficha kitu; viungo vya gundi vimo kitabuni.

Swali hilo halijafungwa. Tangu Michael Buonocore aonyeshe mwaka 1955 kwamba asidi huiwezesha rezini kushikamana na tabaka gumu la nje la jino, na Nobuo Nakabayashi aeleze mwaka 1982 jinsi rezini inavyopenya na kufumana na nyuzi za dentini, lakiri imekwisha kuachwa. Vigingi vingi sasa ni vya nyuzi za kioo, na gundi ni ya rezini. Lakini mfereji wa mzizi umebaki kuwa mahali pagumu. Ni mwembamba na wenye giza, hivyo mwanga unaotumiwa kuigandisha rezini haufiki vyema kwenye ncha. Rezini husinyaa inapoganda, na kwa kuwa imeshikwa na kuta pande zote, huvutana nazo na huweza kujibandua. Wataalamu hupima hali hii kwa kulinganisha eneo lililogandishwa na eneo lililo huru: katika tundu la kawaida la jino uwiano huo hauzidi takriban 5, ilhali mferejini waweza kupita 200. Aidha, dawa ya klorini inayotumiwa kuua vijidudu mferejini huacha oksijeni inayozuia rezini kuganda sawasawa.

Ili kujua nguvu ya mshikamano, watafiti huukata mzizi uliokwisha kutiwa kigingi kuwa vipande vya unene wa takriban milimita 1, kisha mashine hukisukuma kigingi hadi kitoke. Nguvu iliyohitajika hugawanywa kwa eneo lililogandishwa, na jibu hutolewa kwa megapaskali. Mara nyingi kipande cha karibu na ufizi hushika zaidi kuliko cha karibu na ncha. Fauchard hakuwa na mashine kama hiyo. Kipimo chake kilikuwa ni miaka ambayo mgonjwa alikaa bila kurudi.

Kuna jambo moja ambalo lingemshangaza. Kwa maumivu ya jino alipenda kutumia pamba iliyochovywa katika mafuta ya karafuu au mdalasini. Karafuu za wakati ule zilitoka visiwa vya Maluku chini ya Waholanzi. Unguja na Pemba hazikuwa na mikarafuu hadi karne ya 19. Mafuta hayo yana kemikali iitwayo eujeno, ambayo hadi leo hutiwa katika baadhi ya dawa za kuzibia mifereji ya meno. Mabaki ya eujeno yasipoondolewa ukutani, huidhoofisha rezini isigande. Yaani tiba moja aliyoipenda inaweza kuivuruga kazi nyingine aliyoianzisha.

Umaarufu ulimletea mali. Mwaka 1734 alinunua kasri la Grand-Mesnil, kusini-magharibi mwa Paris. Hakukoma kuandika: chapa ya pili, iliyopanuliwa, ilitoka 1746, na humo alieleza namna ya kukitoa kiini cha jino kilichougua kwa sindano nyembamba badala ya kuling'oa jino lenyewe. Mwanawe Jean-Baptiste hakuirithi kazi hii. Alikuja kuwa mwigizaji wa tamthilia katika Comédie-Française, akijulikana jukwaani kwa jina la kasri la babake, Grandmesnil.

Fauchard alifariki Paris mwezi Machi 1761. Chapa ya tatu ya kitabu chake ilitoka mwaka 1786. Waingereza walilazimika kungoja zaidi ya karne mbili tangu chapa ya kwanza. Tafsiri yao ilitoka 1946, kazi ya Lilian Lindsay, mwanamke wa kwanza kufuzu udaktari wa meno nchini Uingereza, ambaye ilimbidi kwenda kusomea Edinburgh baada ya kukataliwa London. Alikuwa na umri wa miaka 75.