Edgar F. Codd

Edgar Frank Codd (1923 – 18 Aprili 2003) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uingereza aliyefanya kazi kwa muda mrefu nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni nadharia ya hifadhidata za kimahusiano, yaani utaratibu wa kutunza taarifa katika majedwali, ambao hadi leo hutumiwa na benki, hospitali na shule.

Maisha

Alizaliwa katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza. Alisoma hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani wa jeshi la anga. Mwaka 1948 alihamia Marekani akaajiriwa na kampuni ya IBM. Mwaka 1965 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan.

Nadharia yake

Zamani, programu ya kompyuta ilipaswa kujua njia ya kuifikia kila taarifa mahali ilipohifadhiwa. Mpangilio ukibadilishwa, programu nazo zililazimika kuandikwa upya. Katika makala ya mwaka 1970, Codd alipendekeza mtumiaji ataje tu anachotaka, na kompyuta itafute njia yenyewe. Baadaye alieleza pia ngazi za kupanga majedwali ili jambo moja lisirudiwerudiwe. Kwa mfano, jina la mwanafunzi liandikwe mara moja katika jedwali la wanafunzi, na jedwali la alama litumie namba yake tu.

IBM ilisita, kwa kuwa mfumo wake wa awali, IMS, uliiingizia fedha nyingi. Hatimaye watafiti wake walitengeneza mfumo wa majaribio ulioitwa System R, na humo ndimo ilimotokea lugha ya SQL. Hata hivyo, kampuni ambayo leo huitwa Oracle ilitangulia kuuza mfumo wa SQL mwaka 1979. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981. Mwaka 1985 alitoa kanuni za kupima kama mfumo ni wa kimahusiano kweli.

Urithi

Kanuni mojawapo inataka maelezo ya majedwali nayo yatunzwe katika majedwali. Jambo hilo huwasaidia wataalamu wanaofufua hifadhidata kuukuu, ambazo mara nyingi watengenezaji wake wameshastaafu bila kuacha maandishi. Kwanza husoma maelezo hayo, kisha huchunguza taarifa zenyewe. Namba zote za jedwali la malipo zikionekana pia katika jedwali la wateja, inaelekea majedwali hayo yanahusiana. Baada ya hapo hupanga majedwali upya kwa ngazi alizoeleza Codd, na kuzipa programu za zamani majedwali ya kubuni yenye sura ileile ya awali, ili zisisimame.

Codd alifariki nyumbani kwake Florida akiwa na umri wa miaka 79.