Krapf wa Rabai, Mhubiri Aliyekataliwa

Wengi wetu tunaohubiri nyumba kwa nyumba hapa kambini tumewahi kufungiwa mlango. Huwa tunarudi tukisema jirani yule ana moyo mgumu. Kabla ya kusema hivyo tena, tuyaangalie maisha ya Johann Ludwig Krapf.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, karibu na mji wa Tübingen. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia na chama cha misheni cha Waanglikana, CMS. Mwaka 1838 alifukuzwa Tigre. Akaenda Shoa, na baadaye njia ya huko nayo ikafungwa. Katika safari hizo mkewe Rosine alijifungua nyikani, na mtoto hakuishi hata siku moja. Walimpa jina la Kiamhara lenye maana ya chozi, wakamzika, wakaendelea na safari. Akina mama waliokimbia kwa miguu wanalielewa jambo hili kuliko mimi ninayeandika.

Mwaka 1844 walifika Mombasa, wakiwa na barua ya ruhusa ya Sayyid Said wa Zanzibar. Julai ya mwaka huo huo Rosine alifariki, na binti yao mchanga akamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf naye alikuwa hoi kwa homa, lakini alipopata nafuu hakurudi kwao.

Agosti 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai, kwa watu walioitwa wakati ule Wanyika, leo Wamijikenda. Wazee waliwapokea vizuri. Injili hawakuipokea.

Walipoitwa kwenye ibada waliuliza watapewa chakula gani, kwa maana mikutano yao iliendana na wali na nyama. Tusiwacheke. Wageni waliowazoea walikuja kuuza na kununua, na huyu hakuuza wala hakununua. Alitaka nini basi? Tena kumfuata kulikuwa kuacha sadaka za koma, yaani wazee waliotangulia, na mambo ya kaya. Mtu wa namna hiyo angebaki na nani siku ya ugonjwa au ya msiba? Hata hapa kwetu jirani aliyepoteza shamba, nyumba na nchi, akabaki na ukoo wake tu, anaogopa kuupoteza na huo. Woga huo si ugumu wa moyo.

Krapf hakumnunua mtu kwa wali. Aliwafuata majumbani na mashambani, akajifunza Kinyika na Kiswahili, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka ule ule wa 1844. Lakini kwa maoni yangu alizilaumu ngoma na uganga wao kwa ukali mno, na masikio mengine yakaziba. Wala hakuwa mtu wa kutulia. Aliota vituo vya misheni kukata Afrika nzima, akasafiri Usambara na Ukambani. Mwaka 1851 mwenyeji wake, Kivoi, aliuawa na wanyang'anyi njiani, na Krapf akaponea chupuchupu kufa kwa kiu. Aliyetulia Rabai ni Rebmann, hadi mwaka 1875, akiwa amekwisha kuwa kipofu.

Mmoja wa waliosikia alikuwa Mringe, mtu kilema ambaye watu hawakumhesabu. Alikuwa akija kuzungumza na kuuliza maswali, na alibatizwa karibu na kufa kwake. Krapf alipoondoka mwaka 1853, afya imeharibika, waamini wa Rabai walihesabika kwa vidole. Alifariki Ujerumani mwaka 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapwa mwaka uliofuata.

Miaka ile watumwa waliowatoroka mabwana zao walikuwa wakikimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni, wakalima na kuabudu huko. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya 1,000 kati yao, wengi wakiwa wa Rabai, walipewa hati za uhuru.