Iverson: Aliacha shule gredi ya 9, akaja kuwafunza watu kufikiri upya

Kenneth Iverson alizaliwa Desemba 1920 huko Camrose, Alberta, nchini Kanada, katika familia ya wakulima. Aliacha shule baada ya gredi ya 9. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka na kazi ya shamba ilikuwa tele. Isitoshe, aliona kusoma zaidi kungemfanya tu mwalimu, na ualimu hakuutaka kabisa.

Lakini jamaa hakutulia. Akiwa na miaka 17 alisomea redio kwa njia ya posta, akajifunza kalkulasi peke yake kitabuni. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta jeshi la anga, akaendelea na masomo ya sekondari humo humo. Kisha Queen's, kisha Harvard, alikopata uzamifu mwaka wa 1954. Halafu akawa nini? Mwalimu, Harvard hapo hapo! Miaka mitano baadaye wakamnyima ajira ya kudumu.

Alama alizobuni ili kuelezea hesabu darasani alienda nazo IBM, akazitolea kitabu mwaka wa 1962. Humo ndimo ilimozaliwa lugha ya kompyuta ya APL, iliyomletea Tuzo ya Turing mwaka wa 1979. Lugha nyingi hukutaka uchukue namba moja moja, uijumlishe, urudi kuchukua nyingine. APL humeza orodha nzima kwa mpigo.

Mtu mwingine angestaafu hapo. Iverson, akiwa na miaka 69, alitoa lugha mpya, J, akishirikiana na Roger Hui. Na hapa ndipo wengi huumwa na kichwa, maana J inakuruhusu kuandika programu bila kuitaja data hata mara moja. Wastani ni hivi tu:

+/ % #

Kushoto, +/ hujumlisha. Kulia, # huhesabu namba ni ngapi. Katikati, % hugawanya jumla kwa idadi (ndiyo, huku si asilimia). Ipe 200 350 50, utapata 200. Hakuna x, hakuna y. Ukizoea Python utabaki ukiuliza namba zenyewe ziko wapi. Swali hilo ndilo la kuacha. Uliza ni vitendo gani vinakutana, kama mpishi anayesema osha, menya, katakata, bila kurudia neno viazi.

Oktoba 2004 Iverson alipatwa na kiharusi akiandaa somo jipya la J. Alifariki siku tatu baadaye jijini Toronto, akiwa na miaka 83.