Joseph Pennell: Mchoraji aliyeuona urembo katika moshi wa viwanda

MVUKE unaofuka Olkaria, reli iliyofika Nakuru mwaka wa 1900 na machimbo meupe ya Kariandusi karibu na Gilgil ni mandhari ambayo wengi wetu huipita bila kuitazama mara mbili. Watalii nao huelekeza kamera zao kwa heroe wa ziwani. Joseph Pennell, msanii Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1926, angetazama upande wa pili.

Alizaliwa Philadelphia mwaka wa 1857. Mnamo 1884 alimwoa mwandishi Elizabeth Robins, wakahamia London, ambako alikuwa rafiki wa mchoraji Whistler.

Kazi yake ilikuwa picha za chapa. Aghalabu alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya karatasi maalumu, kisha mchoro ukahamishiwa kwenye jiwe. Jiwe liliposhika maji, wino ulinata kwenye mistari ya mafuta pekee. Mchoraji Walter Sickert alipodai kwamba picha zilizopitia karatasi hazikuwa chapa halisi ya jiwe, Pennell alimshtaki, na mnamo 1897 akashinda fidia ya pauni 50.

Mapema mwaka wa 1912 alikwenda Panama kuchora mfereji kabla maji hayajafunika malango yake makubwa. Kuta za zege, winchi na moshi wa garimoshi alivipa haiba ya makanisa ya kale. Hata hivyo, vibarua katika picha zake ni vidoa tu, ilhali zaidi ya 5,000 walikufa Wamarekani walipokuwa wakiujenga mfereji huo. (Reli yetu kutoka Mombasa hadi Kisumu nayo iligharimu maisha ya Wahindi wapatao 2,500.) Isitoshe, kitabu alichochapisha mwaka wa 1892 kuhusu Wayahudi wa Ulaya Mashariki kimejaa dharau.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimwonyesha mpaka wa jicho lake. Viwanda vya silaha vya Uingereza alivichora kwa ari mwaka wa 1916. Mwaka uliofuata Wafaransa walimpeleka Verdun, lakini mbele ya uharibifu ule mkono wake uligoma, akaondoka. Baadaye, mnamo 1918, alichora bango la kuchangisha fedha za vita: New York ikiteketea kwa moto, na Sanamu ya Uhuru imekatika kichwa. Lilichapwa kwa wingi mno, likabandikwa kote Marekani.

Alifariki Brooklyn mnamo Aprili 23, 1926, na chapa zake nyingi zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington.