Washington: Rais aliyekataa kung'ang'ania kiti

ALIPOAPISHWA jijini New York mnamo Aprili 30, 1789, George Washington hakuwa na mtangulizi wa kumuiga. Katiba ilimtaka rais awe raia wa kuzaliwa, au aliyekuwa tayari raia Katiba ilipopitishwa, awe ametimiza miaka 35 na kuishi nchini kwa miaka 14. Washington, mzaliwa wa Virginia, alikuwa na miaka 57.

Katiba hiyo ilimkabidhi cheo cha Amiri Jeshi Mkuu, mamlaka ya kutia saini miswada au kuikataa, na jukumu la kuteua mawaziri na majaji kwa idhini ya Seneti. Hata hivyo, haikusema angeongoza kwa mihula mingapi.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Jenerali aliyewashinda Waingereza angeweza kutawala hadi kaburini. Badala yake, baada ya mihula miwili, alimwachia John Adams hatamu mnamo 1797 na kurejea Mount Vernon, shamba lake lililolimwa na watumwa. Alifariki huko Desemba 14, 1799.

Hakuna rais aliyevuka mihula hiyo miwili hadi Franklin Roosevelt alipochaguliwa mara ya tatu mwaka wa 1940. Mnamo 1951, alichokifanya Washington kwa hiari kikawa sharti la Katiba.