Jimi Hendrix

Jimi Hendrix (27 Novemba 1942 – 18 Septemba 1970) alikuwa mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo kutoka nchini Marekani. Anahesabiwa na wengi kuwa mpiga gitaa la umeme aliyeleta mabadiliko makubwa kuliko wote katika historia ya muziki wa roki. Umaarufu wake kama kiongozi wa bendi ulidumu kwa takriban miaka 4 tu, na katika muda huo alitoa albamu 3 za studio.

Mbali na nyimbo alizotunga mwenyewe, Hendrix anakumbukwa kwa namna alivyorudia nyimbo za wasanii wengine. Wimbo uliomtambulisha kwa umma haukuwa wake, na singo iliyofika juu zaidi kwenye chati za Marekani wakati wa uhai wake haikuwa yake pia. Lakini nyimbo hizo zilibadilika mikononi mwake kiasi kwamba wasikilizaji wengi leo hudhani ni yeye aliyezitunga.

Maisha ya awali

Hendrix alizaliwa katika mji wa Seattle, jimbo la Washington, kwa jina la Johnny Allen Hendrix. Baba yake, Al, alikuwa jeshini wakati mtoto anazaliwa. Aliporudi alimbadilisha jina mwaka 1946 na kumwita James Marshall. Familia iliishi kwa shida. Wazazi walitalikiana mwaka 1951, na mama yake, Lucille, alifariki mwaka 1958.

Chombo chake cha kwanza kilikuwa ukulele, yaani gitaa dogo, aliyoikuta kwenye takataka alipokuwa akimsaidia baba yake kazi. Ilikuwa na uzi mmoja tu. Kwa uzi huo alijifunza kufuatisha nyimbo alizozisikia, noti moja baada ya nyingine. Mwaka 1958 alipata gitaa la kawaida lililonunuliwa kwa dola 5, na mwaka uliofuata baba yake akamnunulia gitaa la umeme. Hakuwahi kujifunza kusoma noti. Walimu wake walikuwa sahani za santuri za wanamuziki wa bluzi kama Muddy Waters, B. B. King na Howlin' Wolf.

Hendrix alikuwa mashoto. Kwa kuwa magitaa mengi yalitengenezwa kwa ajili ya watumiaji wa mkono wa kulia, alizoea kuligeuza gitaa juu chini na kupanga nyuzi upya. Hivyo ndivyo alivyolipiga baadaye gitaa la Fender Stratocaster, ambalo jina lake limeshikamana na lake hadi leo.

Jeshini na miaka ya kuhangaika

Mwaka 1961 alikamatwa mara mbili akiwa ndani ya magari ya wizi. Alipopewa nafasi ya kuchagua kati ya jela na jeshi, alichagua jeshi, akapelekwa kwenye kikosi cha askari wa miavuli huko Fort Campbell, Kentucky. Huko alikutana na mpiga besi Billy Cox, aliyebaki kuwa rafiki yake. Aliachishwa jeshi mwaka 1962.

Baada ya hapo alipiga gitaa nyuma ya waimbaji wengine katika kumbi za Wamarekani weusi. Miongoni mwa walioajiri mikono yake ni Isley Brothers na Little Richard. Kazi hiyo ilimfunza nidhamu ya kuisindikiza sauti ya mwingine, lakini haikumpa nafasi ya kujionyesha wala pesa za kutosha. Mnamo Oktoba 1965, akiwa New York, alisaini mkataba wa kurekodi wa miaka 3 na mtayarishaji Ed Chalpin, ambao ulimpa dola 1 na asilimia 1 ya mapato. Mkataba huo ulikuja kumletea kesi alipokuwa ameshakuwa tajiri.

Kugunduliwa kwa njia ya wimbo mmoja

Mwaka 1966 Hendrix alikuwa na bendi yake ndogo iliyopiga katika ukumbi wa Cafe Wha? mtaani Greenwich Village, New York. Linda Keith, mwanamitindo kutoka Uingereza, aliamini kipaji chake na kumleta Chas Chandler amsikilize. Chandler alikuwa mpiga besi wa kundi la The Animals, na alikuwa akitaka kuacha kupiga ili awe mtayarishaji.

Wakati huo Chandler alikuwa ameusikia wimbo "Hey Joe" ulioimbwa na Tim Rose kwa mwendo wa polepole, na alikuwa akitafuta msanii wa kuurekodi nchini Uingereza. "Hey Joe" ulikuwa umesajiliwa mwaka 1962 kwa jina la Billy Roberts, na bendi kadhaa zilikuwa zimeshaurekodi. Chandler alipofika ukumbini, Hendrix aliupiga wimbo uleule. Tarehe 24 Septemba 1966 wawili hao walitua London.

Huko iliundwa bendi ya The Jimi Hendrix Experience, pamoja na mpiga besi Noel Redding na mpiga dramu Mitch Mitchell. Wiki moja tu baada ya kufika, Hendrix aliomba kupanda jukwaani na kundi la Cream, akapiga "Killing Floor" wa Howlin' Wolf mbele ya Eric Clapton, aliyekuwa akihesabiwa kuwa mpiga gitaa bora wa Uingereza. "Hey Joe" ulitoka Desemba 1966 na kufika nafasi ya 6 kwenye chati za Uingereza. Ulifuatwa na "Purple Haze", wimbo wa Hendrix mwenyewe, uliofika nafasi ya 3. Albamu ya kwanza, Are You Experienced, ilitoka Mei 1967.

Nyimbo za wengine mikononi mwake

Mnamo 4 Juni 1967 Hendrix alifungua onyesho lake katika ukumbi wa Saville, London, kwa wimbo wa kwanza wa albamu ya The Beatles, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Albamu hiyo ilikuwa na siku chache tu tangu itoke, na Paul McCartney na George Harrison walikuwa ukumbini wakisikiliza.

Siku 14 baadaye alirudi Marekani kwa tamasha la Monterey, California, ambako McCartney alikuwa amependekeza aalikwe. Huko alipiga "Like a Rolling Stone" wa Bob Dylan, akamaliza na "Wild Thing", wimbo wa Chip Taylor uliovumishwa na kundi la The Troggs, kisha akalichoma moto gitaa lake jukwaani. Nchi yake ilianza kumfahamu siku hiyo.

Mfano mkubwa zaidi ni "All Along the Watchtower". Dylan aliutoa mwishoni mwa mwaka 1967 ukiwa mfupi na mtulivu, wenye gitaa la kawaida, harmonika, besi na ngoma. Hendrix alianza kuurekodi London mnamo Januari 1968, Dave Mason akimsaidia kwa gitaa la nyuzi 12. Besi aliipiga mwenyewe. Kisha kwa miezi kadhaa akaongeza sauti za gitaa moja juu ya nyingine katika studio za New York. Maneno yalibaki ya Dylan, lakini upepo na hofu iliyomo ndani yake sasa vilisikika pia kwenye nyuzi. Singo hiyo ilifika nafasi ya 5 Uingereza na ya 20 Marekani, na albamu iliyoibeba, Electric Ladyland, ilishika nafasi ya 1 Marekani. Tangu mwaka 1974 Dylan mwenyewe amekuwa akiupiga jukwaani kwa namna inayokaribia ile ya Hendrix: mtunzi akajifunza wimbo wake kutoka kwa aliyeurudia.

Asubuhi ya 18 Agosti 1969, katika tamasha la Woodstock, alipiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa peke yake. Kwa mikwaruzo na milio ya spika aliingiza sauti zilizowakumbusha watu mabomu, wakati vita vya Vietnam vikiendelea. Baadhi walichukizwa, wengine waliuona kuwa picha ya kweli ya nchi yao.

Miaka ya mwisho na kifo

Bendi ya Experience ilivunjika katikati ya mwaka 1969. Pamoja na Billy Cox na mpiga dramu Buddy Miles, Hendrix aliunda Band of Gypsys, na albamu yao ya mwaka 1970 ilitumika kumaliza mgogoro wa mkataba ule wa dola 1. Agosti mwaka huohuo alifungua studio yake, Electric Lady, New York. Hakuifaidi kwa muda mrefu.

Alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 27, baada ya kumeza dawa nyingi za usingizi na kupaliwa na matapishi. Uchunguzi rasmi haukufikia uamuzi kuhusu mazingira ya kifo hicho. Alizikwa Renton, karibu na Seattle.

Urithi

Mara baada ya kifo chake, nyimbo zake nazo zilianza kurudiwa. Derek and the Dominos, kundi la Clapton, walikuwa wamerekodi "Little Wing" siku chache kabla hajafa. Mwaka 1974 Gil Evans alizipanga nyimbo zake kwa ajili ya bendi kubwa ya jazi, na baadaye Kronos Quartet walipiga "Purple Haze" kwa fidla, viola na chelo. Barani Afrika, mtindo wake wa gitaa ulisikika katika bendi za roki za Zambia za miaka ya 1970.

Haki za muziki wake zilirudi kwa baba yake mwaka 1995. Mwaka 1992 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Nyumba aliyoishi mtaa wa Brook, London, sasa ni makumbusho. Inapakana na nyumba ya mtunzi Georg Friedrich Händel wa karne ya 18, na Hendrix alipopata habari za jirani huyo wa zamani, alikwenda dukani kununua santuri zake.